Kamba Hupasuliwa Mgongoni

Siku shangazi aliponikabidhi kisu kwa mara ya kwanza, jikoni kwake Kigamboni, nilikuwa na miaka tisa na tayari najiona fundi. Nilishamwona mara nyingi akitengeneza changu: anapaa magamba, anapasua tumbo, anatoa utumbo, kazi imekwisha. Safari hii mbele yangu kulikuwa na beseni la kamba. Nikamlaza wa kwanza chali, nikapasua tumbo. Hola. Shangazi akacheka mpaka akaegemea ukuta.

“We mtoto, huyo si samaki. Kamba hupasuliwa mgongoni.”

Akamgeuza, akapitisha ncha ya kisu mgongoni, akavuta uzi mweusi mrefu na kuufutia kwenye ukingo wa beseni. Nikamuuliza kwa nini uchafu wa kamba uko mgongoni wakati wa samaki uko tumboni. Akasema ndivyo walivyoumbwa, na niongeze mikono maana mafuta yameshapata moto.

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kugundua kwamba swali lile lile liliwahi kuvunja urafiki wa wanasayansi wawili wakubwa kabisa wa Ufaransa. Walikuwa marafiki wa kulala nyumba moja. Wakaishia kurushiana maneno mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, magazeti yakiandika kila neno, na chanzo chake ni mnyama laini wa baharini ambaye sisi tungemtia kwenye mchuzi wa nazi.

Kwanza tuelewane kuhusu huyo kamba. Ule uzi mweusi ni utumbo wake. Moyo wake nao uko mgongoni. Ukimgeuza ukatazama kwa makini upande wa tumbo, utaona uzi mwingine, mweupe na mwembamba: huo ni mshipa wake mkuu wa fahamu. Samaki, kuku, mbuzi na wewe msomaji mmepangwa kinyume chake. Mshipa mkuu wa fahamu uko mgongoni, umehifadhiwa ndani ya pingili za uti, na utumbo uko upande wa tumbo. Juu ya hayo, sisi mifupa yetu iko ndani na nyama inaizunguka, wakati kamba ana nyama ndani na kiunzi nje. Ni kama fundi mmoja aliyejenga nyumba mbili, ya pili akaipindua juu chini, kisha akatoa nguzo zote akazipeleka nje.

Je, ni fundi mmoja kweli? Ugomvi wote ulikuwa hapo.

Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alizaliwa mwaka 1772 katika mji wa Étampes. Mwaka 1793, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, wakati vichwa vya watu vinakatwa, kijana huyu wa miaka 21 aliteuliwa kuwa profesa wa wanyama katika Makumbusho ya Historia Asilia yaliyokuwa yameanzishwa Paris mwaka huo huo. Wanyama wenye uti wa mgongo walikuwa chini yake na mwenzake mmoja. Wadudu na minyoo alipewa Jean-Baptiste Lamarck, mtu mzima wa karibu miaka 50 aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ni Lamarck huyo aliyewagawa wanyama wote katika makundi mawili tunayokaririshwa kidato cha kwanza mpaka leo: wenye uti wa mgongo na wasio nao. Mgawanyo huo umetuingia kiasi kwamba hata kilimo tumekipa cheo cha uti wa mgongo wa taifa. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kusema kilimo ni gamba la taifa, ingawa wanyama walio wengi duniani wanaishi kwa gamba.

Mwaka 1795 Geoffroy alisoma maandishi ya kijana mmoja aliyekuwa akifundisha watoto wa tajiri huko Normandy. Jina lake Georges Cuvier. Geoffroy akavutiwa, akasaidia kumleta Paris, akampa na mahali pa kulala. Wakafanya kazi pamoja, wakaandika pamoja. Ukiona picha hiyo tu ungesema hawa watazikana.

Tofauti ilianza kujionyesha mwaka 1798. Napoleon anaenda Misri na anataka wanasayansi. Cuvier alikataa, akabaki Paris kwenye makabati ya mifupa na kwenye vyeo. Geoffroy alikwenda, akakaa mpaka 1801, akikusanya samaki wa Mto Nile, mamba, popo na ndege wa kale waliohifadhiwa makaburini. Wafaransa waliposhindwa, Waingereza walidai wachukue makusanyo yote. Geoffroy akawatishia kwamba afadhali ayachome moto kuliko kuyatoa, na wao waje wakumbukwe pamoja na waliochoma maktaba ya Aleksandria. Waingereza wakaachia. Huyo ndiye Geoffroy: mtu wa jazba, wa mawazo makubwa, wa kuthubutu. Aliporudi, rafiki yake alikuwa ameshapanda ngazi, na haikuchukua muda akawa katibu wa kudumu wa Akademia. Baadaye angekuwa mshauri wa dola, kisha Baron Cuvier. Aliwatumikia Napoleon na wafalme waliomfuata bila kuteleza.

Cuvier alikuwa bingwa, tusimnyime haki yake. Aliona mnyama kama mashine ambayo kila kiungo kinamtegemea mwenzake. Mnyama mwenye meno ya kula nyama lazima awe na taya, tumbo na kucha za kazi hiyo. Akikuta mifupa michache ya mnyama aliyetoweka, aliweza kukisia mengi juu ya mnyama mzima. Mwaka 1812 aliwagawa wanyama wote katika matawi manne: wenye uti wa mgongo; kundi la konokono, chaza na pweza; wenye pingili, yaani wadudu, kaa, kamba na jamaa zao; na wale wa duara kama kiti cha pweza. Kati ya tawi na tawi hakuna daraja. Kwake Cuvier, kumlinganisha kamba na samaki ni kama kulinganisha saa ya ukutani na ngalawa. Kila kimoja kimetengenezwa kwa kazi yake, basi.

Geoffroy yeye aliona kitu kingine. Aliona kwamba kazi ya kiungo hubadilika, umbo hubadilika, ukubwa hubadilika, lakini mpangilio haubadiliki: kiungo hiki kiko jirani na kile, daima. Mkono wa mtu, bawa la popo na kasia la nyangumi vina mifupa ile ile kwa utaratibu ule ule. Hapo Cuvier hakuwa na tatizo, maana wote ni wa tawi moja. Tatizo lilianza mwaka 1820 Geoffroy alipovuka mpaka. Alisema kila pingili ya gamba la mdudu ni sawa na pingili ya uti wa mgongo. Tofauti ni kwamba sisi tunaishi nje ya uti wetu, na wadudu wanaishi ndani ya wao.

Soma tena sentensi hiyo. Mimi mara ya kwanza niliweka kitabu chini.

Mwaka 1822 akaenda mbali zaidi. Alimchukua kambakoche, akampasua na kumlaza chali, kinyume na anavyotembea. Akatazama. Mshipa wa fahamu juu, utumbo chini yake, moyo chini zaidi. Mpangilio wa mnyama wa mifupa kabisa! Kumbe, alisema, ukimpindua kambakoche unampata mtu. Wengi walimcheka. Cuvier alinyamaza, lakini kwa wanaomjua Cuvier ukimya ule haukuwa wa heri.

Ni rahisi kucheka hata sasa, kwa sababu viunzi vya aina hizi mbili vinaishi maisha tofauti mno. Mfupa ni kitu hai. Una mishipa ya damu, unakua na mtoto, ukivunjika unaunga. Gamba la kamba au kaa likishakauka haliwezi kutanuka, kwa hiyo mwenye nalo akitaka kukua hana budi kulivua lote. Mwaka 2011 chama tawala kilitangaza kujivua gamba na nchi nzima ikaongea habari za nyoka. Nyoka anavua ngozi tu. Mifupa yake anabaki nayo. Anayejivua gamba kwelikweli ni kaa: anavua miguu, macho, hata kitambaa kigumu cha ndani ya tumbo lake, kisha anabaki laini kama ugali, hana gando la kujitetea, anajificha mpaka lipya likauke. Kaa wa nazi, wale wakubwa wanaohifadhiwa kisiwani Chumbe, hujichimbia shimo kwa wiki kadhaa kwa kazi hiyo na hulila gamba lao la zamani ili chokaa isipotee. Chama hakikufika huko.

Na kuna kobe, ambaye kila akitajwa kwenye mada hii huharibu hesabu. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanaonekana wamevaa nyumba. Lakini nyumba ile ni mbavu zao na uti wao wa mgongo, vimetanuka na kuungana na sahani za mifupa juu yake. Mifupa ya mabega yao iko ndani ya mbavu, jambo ambalo kwako na kwangu haliwezekani. Kobe hawezi kutoka kwenye gamba lake kama wewe usivyoweza kutoka kwenye kifua chako. Ni mnyama wa mifupa anayeishi ndani ya mifupa yake. Nilipomgusa mmoja mgongoni, nilikuwa naugusa uti wake.

Turudi Paris, lakini tupitie Marseille, maana kuna safari moja siwezi kuiruka. Mwaka 1827 Muhammad Ali wa Misri alimpa Mfalme Charles wa 10 zawadi ya twiga. Alikamatwa mdogo huko Sudan, akashushwa kwa Mto Nile, akavushwa bahari. Aliyetumwa kumfuata Marseille ni Geoffroy, akiwa na miaka 55 na maumivu ya viungo. Walitembea kwa miguu mpaka Paris, karibu kilomita 900, kwa siku 41, pamoja na watunzaji Waafrika na ng'ombe wa kumpa twiga maziwa. Miji ilifunga kazi kuwatazama. Shingo ile ndefu ya twiga ina pingili saba. Yangu ina saba. Ya panya ina saba. Namwona yule mzee akitembea nyuma ya ushahidi wake siku 41, akitazama juu.

Watafiti wawili wasiojulikana, Meyranx na Laurencet, waliwasilisha andiko lao kwa Akademia. Walikuwa wamechunguza dome, yule jamaa yake ngisi. Walisema ukimchukua mnyama wa mifupa ukamkunja kwa nyuma, kisogo kikakutana na makalio, viungo vyake vya ndani vitajipanga kama vya dome. Geoffroy akapewa andiko alitolee taarifa pamoja na mwenzake Latreille. Unaweza kukisia furaha yake. Tarehe 15 Februari 1830 alisimama akalisifu, na ndani ya taarifa akamchoma Cuvier waziwazi.

Wiki iliyofuata Cuvier alikuja na michoro ya rangi. Hapa pweza. Hapa mnyama wa mifupa aliyekunjwa. Akaonyesha kiungo kwa kiungo ni kipi hakiko mahali pake, ni kipi hakipo kabisa. Alikuwa mtulivu na alikuwa sahihi: andiko lile halikuwa na nguvu. Ule “mfupa” mweupe mwepesi wa dome tunaouokota ufukweni si mfupa hata kidogo. Ni kombe la mababu zake lililoingia ndani. Meyranx, masikini, alimwandikia Cuvier kujitetea kwamba yeye hakukusudia andiko lake lifikishwe huko. Barua hiyo inaniuma. Nimeona kwenye vyumba vya habari kijana anaandika jambo zuri, wakubwa wawili wanalifanya fimbo ya kupigana, na mwisho anayeomba radhi ni kijana.

Mabishano yaliendelea kwa wiki kadhaa. Magazeti ya Paris yaliyaandika na wasomaji wakachagua upande. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Charles wa 10, yule wa twiga, alipinduliwa. Habari zilipofika Weimar tarehe 2 Agosti, mgeni mmoja alimkuta mwandishi mkubwa wa Kijerumani, Goethe, akiwa na miaka 80, amepandwa na mori juu ya kulipuka kwa Paris. Mgeni akaanza kusema habari za mfalme. Goethe akamkatiza: yeye alikuwa anazungumzia Cuvier na Geoffroy.

Wengi walisema Cuvier kashinda. Alifariki Mei 1832. Geoffroy alipofuka mwaka 1840, akafa 1844. Twiga alikufa mwaka uliofuata.

Sasa kuna mifupa mingine. Nilisita kuiweka humu, lakini siwezi kumsifu Cuvier kwa macho yake ya mifupa nikaificha. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa Ulaya mwaka 1810 kuonyeshwa kwa kiingilio. Mwaka 1815 alichunguzwa na kuchorwa pale pale kwenye bustani ya makumbusho, na Geoffroy, mtu wa umoja wa viumbe, alikuwa miongoni mwa waliomchunguza. Alipofariki mwishoni mwa mwaka huo, mwili wake ulipewa Cuvier. Aliupasua, akahifadhi ubongo na sehemu za siri, akaunganisha mifupa ikasimama, akachapisha maelezo mwaka 1817. Mifupa ile ilikaa kwenye maonyesho ya Paris mpaka miaka ya 1970. Mandela aliiomba mwaka 1994. Ufaransa ililazimika kutunga sheria ndipo iiachie, na Sarah alizikwa Hankey, Rasi ya Mashariki, tarehe 9 Agosti 2002. Mmoja wa mabwana hawa aliona wanyama wote ni jengo moja, mwingine aliona manne. Mbele ya mwanamke huyu hawakupishana kitu.

Ugomvi wao ulifufuka mahali ambapo hakuna aliyeutazamia: kwenye vinasaba. Darwin mwaka 1859 alishatoa sababu ya kufanana kwa mifupa, kwamba ni undugu wa asili moja, lakini kambakoche aliyepinduliwa alibaki mzaha. Miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wakitafuta jeni zinazoamua upi uwe mgongo na upi uwe tumbo mtoto akiwa bado yai. Kwa chura walipata jeni moja inayofanya kazi upande wa mgongo, pale mshipa wa fahamu utakapojengwa. Kwa nzi wa matunda walipata ndugu yake jeni hiyo, lakini inafanya kazi upande wa tumbo, pale ambapo mshipa wa fahamu wa nzi hujengwa. Wakachukua ujumbe wa jeni ya nzi wakauingiza kwenye kiinitete cha chura mwaka 1995. Ukafanya kazi ile ile ya jeni ya chura. Mwaka uliofuata Eddy De Robertis na Yoshiki Sasai waliandika katika jarida la Nature juu ya mpango mmoja wa miili ya wanyama, na jina la Geoffroy likarudi mezani, miaka 174 baada ya kambakoche wake.

Lakini Geoffroy hakushinda alikotaka kushinda. Alichokipigania zaidi ni viunzi: kwamba gamba ni uti wa mgongo uliohamia nje. Hapo alikosea. Gamba la kamba limetokana na ngozi, ni kitini iliyokazwa kwa chokaa. Mfupa una asili yake na kemia yake nyingine. Nguzo za nje na nguzo za ndani zilibuniwa kila moja peke yake. Kilichokuwa kweli ni ile sehemu iliyowachekesha watu, ya kumlaza mnyama chali. Na wataalamu wengi sasa wanaona kwamba aliyepinduka si kamba. Kamba na nzi wamebaki na mkao wa mababu. Waliogeuka juu chini ni ukoo wetu, wenye mifupa ndani.

Nilimpigia shangazi nikamweleza yote, swali lake na langu la miaka ile, na kwamba kumbe sisi ndio tuliolala chali. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

“Na huyo kambakoche,” akaniuliza, “walipomaliza kubishana walimla?”